Kujitolea: Hisani au Deni?

Neno "kujitolea" limezoeleka mno vinywani mwetu hata hatulisikilizi tena. Anayetoa hutoa kitu: shilingi, jembe, debe la mahindi. Anayejitolea hutoa nafsi yake, nayo haipimwi kwa debe. Ndiyo maana tumezoea kumsifu kama tunavyomsifu mfadhili. Lakini yafaa tujiulize, hasa sisi tulio walimu na wanafunzi: kijana anayemfundisha mtoto asiyefikiwa na shule, je, anatoa hisani au analipa deni?

Swali hili tulitazame kutoka Mtera, ambako mikoa ya Dodoma na Iringa hupakana. Hapo maji ya Ruaha Mkuu na Kisigo yalizuiwa kwa bwawa lililojengwa katika miaka ya 1970. Kusudi lake la kwanza halikuwa kuwapa umeme watu wa hapo. Lilikuwa kuyaweka akiba maji ya mvua ili mitambo ya Kidatu, mbali huko mto unakoelekea, isikose maji wakati wa kiangazi. Kituo cha Mtera chenyewe, chenye uwezo wa megawati 80, kilianza kazi mwaka 1988. Bonde likawa ziwa. Wavuvi wakaja na kujenga kambi, wakahama kila samaki walipohama. Watoto wao, pamoja na watoto wa wafugaji wa nyanda kavu zilizo jirani, wengi hukulia mbali na shule.

Basi mwanafunzi wa mjini aliyesoma usiku kwa taa ya umeme, alisoma kwa maji ya nani? Hakuna aliyemwambia kwamba anakopa. Deni la namna hii halina hati wala shahidi, na mdaiwa huweza kufa mzee mwenye heshima bila kujua kwamba alidaiwa. Mwalimu Nyerere alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta kingine. Asiporudi, ni msaliti. Ugogoni, ambako njaa iliyoua watu wengi mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza ilipewa jina lake, Mtunya, mfano huo hauhitaji maelezo.

Taifa lilikwisha likiri deni hili. Novemba 1974, huko Musoma, TANU iliamua kwamba elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo mwisho wa 1977, badala ya kungoja 1989. Walimu hawakutosha. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundisha huku wao wenyewe wakijifunza kwa posta na kwa redio. Wengi wamewacheka tangu hapo, na "mwalimu wa UPE" likawa jina la kejeli. Mimi nakiona kicheko kile kuwa cha watu walioshiba. Mtoto aliyeandikishwa wakati ule hakuwa akichagua kati ya mwalimu hodari na mwalimu hafifu, bali kati ya mwalimu na kuchunga mbuzi.

Ada zimefutwa, sheria imeandikwa. Lakini mlango ulio wazi mwendo wa saa tatu kwa miguu, kwa mtoto wa miaka saba ni mlango uliofungwa. Kwa hiyo wananchi huanzisha shule shikizi: banda, ubao, na mara nyingi kijana wa kujitolea. Katika mwaka wa fedha 2021/22 serikali ilijenga madarasa 3,000 kwa ajili ya shule za namna hiyo nchini, jambo linaloonyesha kwamba mabanda yale hayakuwa mchezo.

Hata hivyo, kama ni deni, mbona analilipa mmoja? Anayejitolea mara nyingi ni kijana asiye na ajira, mtoto wa mkulima, aliyekopa kidogo kuliko sisi sote. Walioneemeka zaidi humlipa kwa makofi. Sifa hizo ni stakabadhi bandia: tunajiandikia kwamba tumelipa, na aliyelipa ni mwingine. Mtoto naye akiambiwa kila siku kwamba anasaidiwa, hujifunza mambo mawili kwa pamoja: kusoma, na kuinamisha kichwa. La pili hulisahau kwa shida zaidi.

Tuseme kijana huyo amepata kazi ya mshahara wilaya nyingine. Anaaga Ijumaa jioni. Nani atamlaumu? Mkutano wa kijiji unaitishwa. Mmoja anasema atafutwe mwingine mwenye moyo, mwingine anauliza kila kaya itatoa nini ili huyo atakayekuja apate kula. Ubishi unakuwa mkali, na mkutano unaahirishwa. Watoto hawakuambiwa neno. Jumatatu wamekuja, wameketi, na mkubwa wao amefuta ubao, akaandika tarehe.