Kinywa cha Mjomba

Je, ni halali kumshika mtu mzima kwa nguvu ili umsafishe meno? Swali linaonekana dogo. Katika darasa letu la maadili hapa Dar es Salaam tumejadili kifo cha huruma, utoaji mimba na vita vya haki, lakini mswaki haujawahi kutajwa. Nadhani ni kwa sababu wengi wetu hatukumbuki mara ya mwisho mtu mwingine alipotuingiza mkono kinywani. Kwa mtu mzima mwenye ulemavu wa akili, jambo hilo hutokea kila siku au halitokei kabisa.

Nina mjomba wa namna hiyo Katumba, makazi yaliyoanzishwa kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi wa 1972, ambayo leo yako katika Halmashauri ya Nsimbo, mkoani Katavi. Ana miaka 44. Anaijua baiskeli ya kila jirani kwa mlio wa kengele yake. Maneno anayoyasema hayazidi 30, na "hapana" halimo. Akikataa kitu anageuza uso.

Tangu utotoni anatumia dawa za kifafa. Mojawapo ya dawa hizo, fenitoini, huzifanya fizi za baadhi ya watu zinenepe na kupanda juu ya meno, hasa utando wa vijidudu usipoondolewa. Fizi za namna hiyo hutoka damu ukizigusa, na mtu akiona damu anaacha kupiga mswaki, kwa kudhani anamwumiza mgonjwa. Hapo ndipo mambo huharibika. Utando ulioachwa unakuwa mgumu na kugeuka ugaga, ambao mswaki hauwezi kuutoa tena. Fizi zinaachana na jino, mfupa unaolishika unapungua, na jino linalegea hata kama halijatoboka. Watu wenye hali ya Down huanza kuugua fizi mapema zaidi kuliko wengine, ingawa wengi wao hawaozi sana meno.

Mjomba akiumwa jino hasemi. Anaacha ugali, anajipiga shavu, usiku anazunguka ndani ya nyumba. Majirani wanasema ugonjwa wake umepanda. Maumivu yanasomwa kama tabia, na tabia haipelekwi kwa daktari wa meno.

Wenzangu wa chuo wanajibu swali langu haraka: mwili ni wake, akikataa basi. Wanayo na sheria ya kushikilia. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu wa 2006, ambao Tanzania iliuridhia 2009, unataka wahudumu wa afya wafanye kazi kwa ridhaa huru ya mtu mwenyewe. Shangazi zangu nao wana jibu lao: huyu ni mtoto, mshikeni. Sikubaliani na upande wowote, na aliyenitia shaka zaidi si mwanafalsafa. Ni tofi.

Katika miaka ya 1940, kwenye hospitali ya Vipeholm mjini Lund, Uswidi, watu wenye ulemavu wa akili walilishwa sukari kwa mpangilio maalumu, zikiwamo tofi zilizotengenezwa ili zing'ang'anie menoni, watafiti waone meno yanavyooza. Matokeo yalichapishwa 1954. Wengi waliharibikiwa meno, na hawakuwa wameombwa ridhaa. Ushauri tuliopewa sote tukiwa wadogo, kwamba sukari inayonata na inayoliwa mara kwa mara kati ya milo ndiyo mbaya zaidi, umejengwa kwa sehemu kubwa juu ya vinywa vile. Lakini angalia: tofi haihitaji kulazimishwa. Nani anageuza uso akipewa tofi? Watu wale walifungua midomo na wakadhulumiwa. Basi mdomo uliofunguliwa hauthibitishi kwamba mtu ameheshimiwa, na nashuku kwamba mdomo uliofumbwa nao haumalizi kesi.

Ningetarajia falsafa ya Kiafrika inisaidie, maana sisi tunasema mtu ni watu. Ila Ifeanyi Menkiti, katika insha yake maarufu ya 1984, alieleza utu kama kitu ambacho mtu anaufikia hatua kwa hatua, kwa kutimiza wajibu wake ndani ya jamii. Nikiisoma insha ile huwa najiuliza mjomba amefika hatua ya ngapi. Eva Feder Kittay, mwanafalsafa wa Marekani aliyemlea binti mwenye ulemavu mkubwa wa akili, ananifaa zaidi: anaanza na ukweli kwamba kila mmoja wetu ni mtoto wa mama fulani, aliyelelewa kabla hajastahili chochote.

Tena Katumba inajua habari ya kusemewa. Mwaka 2007 wakimbizi wa 1972 walioishi Katumba, Mishamo na Ulyankulu waliulizwa: kurudi Burundi, au kubaki na kuomba uraia? Karibu wanne katika kila watano walichagua kubaki. Kwa mjomba alijibu bibi. Leo yeye ni Mtanzania kwa neno lililotoka kinywani mwa mama yake, na sioni kwamba aliporwa chochote. Bibi alikuwa ameishi naye siku zote, na alijua kwamba hata kulala nyumba ya jirani kulimliza.

Mama yangu, dada yake, anafanya vivyo hivyo kwa mswaki. Amezungushia mpini wake kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli ili mjomba aweze kuushika. Anasimama nyuma yake, kichwa kimeegemea kifuani pake. Anagusa mkono kwanza, kisha shavu, kisha mdomo. "Kaka, fungua." Akigeuza uso mara mbili, mama anaacha na kujaribu tena baada ya chai. Kuna siku husafishwa meno ya mbele tu. Maneno hayapo, lakini jibu lake linabadilisha kinachofanyika, na hilo ndilo lililokosekana Vipeholm.

Miaka mitatu iliyopita mama alilazwa kwa muda mrefu, na hapakuwa na mwingine mwenye subira hiyo. Mjomba alitunga usaha kwenye gego. Wanaume wanne walimshika ili ling'olewe. Naamini walifanya sawa, usaha hausubiri. Lakini nguvu ile ilikuwa deni la miezi ambayo hakuna aliyekuwa na nusu saa ya kumpa, na deni hilo alilipa yeye. Tukibishana kama ilikuwa halali kumshika siku ile, tunachelewa kwa miezi mingi.

Nusu saa hizo hata hivyo zina mwenyewe. Mama ana miaka 63, mashamba mawili ya mahindi, na mgongo unaomsumbua. Likizo iliyopita nilimwambia, "Mama, niachie mimi." Siku tatu mfululizo mjomba alinigeuzia uso, nami nikaacha. Siku ya nne aliuchukua mswaki mkononi mwangu, akavuka uwanja hadi jikoni, akampa mama.