Shahidi Siyo Mrithi

Hivi, ndugu msomaji, kitu kikiteketea lakini umbo lake likabaki kwenye kompyuta, tuseme kimehifadhiwa, au tuseme kimekufa tukabaki na picha ya marehemu?

Siulizi kwa mchezo. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 moto uliila Muzibu Azaala Mpanga, nyumba kuu ya makaburi ya Kasubi, Kampala. Humo wamelala Makabaka wanne wa Buganda: Muteesa wa Kwanza, Mwanga wa Pili, Daudi Chwa wa Pili na Muteesa wa Pili. Ilijengwa mwaka 1882 ikiwa ikulu, paa lake la nyasi likishuka karibu kugusa ardhi. Kulipokucha, yalibaki majivu.

Kumbe mwaka 2009 nyumba ile ilikwisha kupimwa kwa leza, na picha zake kuhifadhiwa na CyArk, shirika la Marekani. Mashine hurusha mwali, mwali hugonga ukuta na kurudi, nayo hukokotoa umbali. Hurudia hivyo mara mamilioni, hadi nukta zote zinakuwa umbo la nyumba unaloweza kulizungusha upendavyo.

Wapo watakaosema, basi, yamekwisha! Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari tunalo. Siwabishii. Mzee akifa na vipimo kichwani, nani atajua kimo cha nguzo? Wanaobeza mashine waniambie wao wameandika nini.

Lakini tazama. Nyumba ile ilipokarabatiwa mwaka 1938 ilitiwa chuma na saruji, na hakuna aliyesema Kasubi imekufa. Kwa nini? Kwa sababu watu walikuwa wale wale. Kuezeka ni kazi ya ukoo wa Ngeye, baba akimrithisha mwana. Pete zilizo darini ni 52, koo za Buganda. Mashine itahesabu pete zote bila kukosea, ila haitokuambia nyasi zipi zikatwe, zifungwe vipi, wala nani ana haki ya kupanda juu. Hayo yamo mikononi mwa watu, na mkono haupimwi kwa leza.

Pana jambo jingine. Nyuma ya pazia la nguo ya magome pana Kibira, msitu mtakatifu, asikoingia mtu hivi hivi. Mashine haina haya. Ikiruhusiwa itapima hata pasipotazamwa, na likishafika kwenye kompyuta ya mbali, pazia limekwisha. Je, kuhifadhi siri kwa kuianika ni kuhifadhi?

Mimi nasema tupime, tena tuharakishe, maana moto hauna subira. Ila wenye mali waulizwe kwanza, na wakisema "hapa basi," iwe basi. Nakala ikae kwao, siyo ng'ambo peke yake. Na pembeni ya kila fundi wa leza asimame kijana anayejifunza kuezeka.

Mwaka 2023 UNESCO iliitoa Kasubi kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, baada ya nyumba kujengwa upya. Vipimo ni ushahidi mzuri, lakini walioezeka ni watu. Shahidi hueleza kilichokuwapo. Mrithi ndiye hukiendeleza. Sasa tujiulize, sisi vijana tunaosifia picha za mashine: nani kati yetu yuko tayari kushika nyasi?