Deni la Kitabu Ambacho Hakijasomwa

Je, mtu ana haki ya kununua kitabu kipya ilhali vile alivyonunua zamani hajavisoma? Swali hili laweza kuonekana dogo, hata la mzaha. Hata hivyo, ndani yake mna maswali matatu ya kimaadili: la matumizi ya fedha, la thamani ya mambo ya kubuni, na la haki kati ya msomaji na mwandishi. Katika insha hii nitayajadili yote matatu, nikianza na lile jepesi na kumalizia na lile linalotugusa zaidi sisi tunaosomea Kiswahili katika nchi ambamo si wengi waliozaliwa nacho.

Mfano nitakaoutumia ni wangu mwenyewe. Mwanzoni mwa muhula huu nilinunua vitabu saba, vyote vya fantasia na bunilizi ya kisayansi. Vinne ni vya Kiingereza, mitumba, kutoka kwa wauzaji wanaopanga vitabu kando ya barabara hapa Kampala: The Hobbit cha J. R. R. Tolkien, A Wizard of Earthsea cha Ursula K. Le Guin, Kindred cha Octavia Butler na Who Fears Death cha Nnedi Okorafor. Vitatu ni vya Kiswahili, tena vipya: Kusadikika cha Shaaban Robert, Walenisi cha Katama Mkangi na Bina-Adamu! cha Kyallo Wadi Wamitila. Mwenzangu wa chumbani alivitazama vilivyopangwa kitandani, kisha akaniuliza, "Ndugu yangu, na hivi utavisoma lini?" Alijua kwamba chini ya kitanda hichohicho kuna boksi la vitabu vingine vinavyosubiri zamu.

Shtaka la kwanza ni uroho. Si shtaka geni. Seneca, mwanafalsafa wa Roma wa karne ya 1, aliwacheka matajiri wa zama zake waliojaza vitabu ukutani kama pambo. Kwake, kwa kuwa mtu hawezi kusoma vyote anavyoweza kumiliki, yatosha amiliki vile anavyoweza kusoma. Tufanye hesabu basi. Tukikadiria kurasa 250 kwa kila kitabu, vitabu saba ni kurasa 1,750. Mwanafunzi anayesoma kurasa 20 kila usiku, baada ya kazi za darasani, atavimaliza kwa siku 88, yaani takriban miezi mitatu. Kwa kipimo cha Seneca, vitabu saba si uroho, ila vitabu saba juu ya boksi lililojaa vinaanza kuukaribia.

Hata hivyo, naona kipimo hicho kina upungufu. Uroho haupimwi kwa wingi wa kitu peke yake, bali kwa kile ambacho wingi huo unawanyima wengine. Anayejilimbikizia mahindi wakati wa njaa anatenda dhambi kwa sababu jirani analala bila kula. Kitabu kilicho chini ya kitanda changu kinamnyima nani? Mtu angeweza kujibu kwamba hakimnyimi yeyote, lakini jibu hilo ni la haraka mno. Kwa wauzaji wa mitumba, kitabu kama Kindred mara nyingi ni nakala moja tu. Nikiichukua na kuilaza miaka miwili, yupo msomaji mwingine aliyepita siku ya pili akaikosa. Aidha, fedha ya mwanafunzi kwa kawaida si yake. Ni ya mzazi aliyeuza kuku au ndizi, akaituma kwa simu ili mwana asome. Kwa hiyo kitabu ambacho hakijasomwa kina wadai wawili tayari: msomaji aliyekikosa na mzazi aliyekilipia. Deni la mzazi linalipwa kwa kusoma. Deni la msomaji mwenzetu linalipwa kwa kuazimana. Mwenye vitabu ishirini vinavyozunguka bweni zima ana maadili kuliko mwenye vitano vilivyofungiwa.

Shtaka la pili ni zito kidogo, nalo hutolewa hata na watu wanaopenda vitabu. Wanasema: kama ni lazima kutumia fedha ya mzazi, basi nunua kitabu cha kweli, cha sarufi, cha historia au cha uchumi. Majoka na vyombo vya angani vinamsaidia nani? Kusoma fantasia, kwa maoni yao, ni kuukimbia ulimwengu.

Tolkien alilijibu shtaka hili katika mhadhara alioutoa mwaka 1939 katika Chuo Kikuu cha St Andrews, Uskoti. Hoja yake ni kwamba tunachanganya watu wawili: askari anayetoroka vita na mfungwa anayewaza mambo ya nje ya gereza. Wa kwanza anaacha wajibu wake. Wa pili anakataa kuamini kwamba kuta za gereza ndizo mwisho wa dunia. Hoja hiyo ni nzuri, lakini sisi hatuhitaji kwenda hadi Uskoti kuipata. Shaaban Robert alichapisha Kusadikika mwaka 1951, Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza, naye akiwa amefanya kazi kwa miaka mingi kama karani wa serikali hiyohiyo. Nchi aliyoibuni inaelea angani. Humo Karama anashtakiwa kwa kosa la kufundisha uanasheria, na katika kujitetea anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita ili walete maarifa, nao waliporudi wakalipwa kifungo. Ni nani aliyeisoma hadithi hiyo akadhani inahusu mawingu? Nchi ya angani ilimwezesha mwandishi kusema kuhusu nchi ya ardhini yale ambayo karani asingeweza kuyaandika waziwazi.

Walenisi, kilichotoka mwaka 1995, kinakwenda njia hiyohiyo kwa chombo cha kisasa zaidi. Dzombo anahukumiwa kifo, anatiwa katika chombo kinachorushwa angani, naye anaishia katika nchi yenye haki ambayo jina lake lenyewe ni fumbo: wale ni sisi. Mkangi hakuandika hayo akiwa mtalii wa mambo ya dhuluma. Alikuwa mhadhiri aliyewahi kuwekwa kizuizini nchini Kenya katika miaka ya 1980. Vivyo hivyo, katika Kindred, kilichochapishwa mwaka 1979, Butler anamchukua mwanamke mweusi wa California ya mwaka 1976 na kumtupa Maryland ya zama za utumwa. Safari hiyo ya wakati haiwezekani kisayansi, lakini maumivu anayoyakuta huko ni ya historia. Mwandishi amevunja kanuni moja ya uhalisia ili msomaji asiweze tena kusema kwamba utumwa ni habari za watu wa kale. Kwa hiyo shtaka la pili nalikataa. Hadithi ya kubuni inakuwa uongo pale tu inapomwomba msomaji aamini kuwa dunia iliyopo haiwezi kuwa tofauti.

Limebaki shtaka la tatu, ambalo sijasikia likitolewa na yeyote, nami naliona kuwa kubwa kuliko yote. Kati ya vitabu vile saba, ni vingapi vilivyompa mwandishi chochote? Mwandishi hupata sehemu yake kitabu kinapouzwa mara ya kwanza. Kinapouzwa tena kama mtumba, fedha inakwenda kwa muuzaji, ambaye naye ana watoto wa kulisha, lakini mwandishi na mchapishaji hawapati hata senti. Basi vitabu vinne vya Kiingereza havikuwaongezea chochote Le Guin, Butler, Tolkien au Okorafor. Kati ya hao wanne, aliye hai ni Okorafor peke yake.

Tuje sasa kwa vitabu vya Kiswahili. Karibu na kila chuo kuna kibanda cha fotokopi, na humo riwaya ya Kiswahili hutolewa nakala kuanzia jalada hadi jalada, ikafungwa kwa gundi na kuuzwa. Mwanafunzi huyohuyo ambaye jioni alitoa fedha kwa hiari kununua kitabu cha mchawi wa Kiingereza, asubuhi anaona ni halali kabisa kutoa fotokopi ya Bina-Adamu!. Mfuko ni uleule. Kilichobadilika ni heshima.

Nitapingwa kwa hoja ya umaskini, na hoja hiyo si ya kupuuzwa. Vipo vitabu ambavyo havipatikani tena dukani, na kuna mwanafunzi ambaye bila fotokopi hatasoma kabisa. Huyo simlaumu, maana anayeokoa maandishi yasiyochapishwa tena anamtendea mwandishi wema. Ninayemzungumzia ni yule mwenye uwezo wa kuchagua, ambaye kila mara anachagua kuwa Kiswahili ndicho kipatikane bure. Wachapishaji wa eneo letu hutegemea sana vitabu vya shule. Riwaya isiyoteuliwa kutahiniwa ina wanunuzi wachache, na fantasia ya Kiswahili huwa miongoni mwa hizo. Kila nakala mpya inayonunuliwa humwambia mchapishaji kwamba wapo watu wanaosoma bila kulazimishwa na mtihani. Tusiponunua, mchapishaji atahitimisha kwamba hatupo, na mwandishi kijana mwenye hadithi ya mwaka 2200 kichwani atamwandikia msomaji wa Kiingereza. Kisha sisi, wanafunzi wa Kiswahili, tutaandika tasnifu za kulalamika kwamba lugha yetu haina bunilizi ya kisayansi.

Sisemi kwamba tuache vitabu vya Kiingereza. Mkataa kwao ni mtumwa, lakini asiyetoka kwao naye haoni mengi. Okorafor na Le Guin wamenifundisha mambo ambayo sikuyapata kwingine. Ninachodai ni kwamba hesabu ya maadili isiishie kwenye idadi ya vitabu na siku za kuvisoma.

Kwa kuhitimisha, kununua kitabu ni kuingia katika deni lenye wadai watatu. Mzazi analipwa tunaposoma. Wasomaji wenzetu wanalipwa tunapoazimana. Mwandishi analipwa tu pale tunaponunua kitabu chake kikiwa kipya, na kwa mwandishi wa Kiswahili wanunuzi wa namna hiyo ni wachache mno kiasi kwamba kila mmoja wetu anahesabika. Mwanafunzi anayelipa madeni hayo matatu, hata akiwa na boksi chini ya kitanda, hana sababu ya kuona haya. Nami napendekeza kwamba kila tunaponunua vitabu vitatu vya mitumba, cha nne kiwe cha Kiswahili, kipya, kwa bei yake.