Ukurasa wa 31

Kijana mmoja amekabidhiwa jarida la klabu yao ya mbio, akanipigia simu kutaka ushauri: atumie programu gani kupanga kurasa, picha ziwe na ukubwa gani, kiwanda kipi cha uchapaji kina bei ya kuzungumzika. Nilimjibu nilivyoweza. Lakini kiti hicho nimekikalia miaka saba, na nimeinuka na madeni ambayo mengine sijayalipa hadi leo. Kwa hiyo yale ambayo hakuniuliza nimeona niyaandike hapa, ayasome yeye na wenzake wanaotengeneza majarida ya vyama, ya ushirika, ya waliosoma pamoja, ya misikiti na makanisa.

Nianze na tanzia.

Mwanachama wetu mmoja, mkimbiaji wa siku nyingi, alifariki wiki ambayo jarida lilikuwa likienda kiwandani. Habari zake nilizikuta kwenye kundi letu la simu, zimeandikwa na shemeji yake. Nikakopi, nikapesti, nikanyoosha sentensi mbili tatu. Tukachapa: ameacha mjane na watoto watano, majina yao haya na haya. Baada ya kama wiki mbili akaja nyumbani mtu wa miaka arobaini hivi, jarida kalikunja mkononi. Akaniamkia, akakaa, chai akaikataa. Alilifungua ukurasa wa 2, akaweka kidole chini ya neno "watano", akasema, "Mzee, mimi ndiye wa sita."

Alikuwa kifungua mimba wa marehemu, kwa mama aliyeachika zamani. Nyumbani kwao kikao cha mirathi kilikuwa kimekwisha kuanza, na upande mmoja ulikwenda nalo jarida letu: tazameni, hata klabu yake inajua watoto ni watano. Mimi niliyekuwa nikijiona mtu wa kati, nilikuwa nimeshatoa hukumu katika kesi ambayo sikujua kama ipo. Simu moja kwa ndugu mwingine wa marehemu ingenila dakika tano.

Tulichapa masahihisho katika toleo lililofuata. Tuliyaweka ukurasa wa 31, chini ya tangazo la mafuta ya kuchua, kwa herufi za kutafutwa kwa miwani. Yule bwana akanipigia. Hakugomba. Alisema tu, "Mzee, mlinifuta ukurasa wa 2, mkanirudisha ukurasa wa 31." Mpaka leo sijapata la kumjibu.

Kwa hiyo, kijana wangu, la kwanza usidhani kazi uliyopewa ni ya kupanga kurasa. Umepewa majina ya watu. Gazeti kubwa likikosea jina la mtu, msomaji wa mbali hamjui, na kesho lina habari nyingine. Jarida la klabu linasomwa na mama wa mtu huyo, linawekwa kabatini pamoja na vyeti, na linatolewa siku ya ubishi. Hicho ndicho ambacho wengi hawakioni: kwa kuwa ni dogo na la bure, hudhani na makosa yake ni madogo na ya bure.

Makosa mengine ni ya kuchekwa, na tucheke. Tumewahi kuwaita wanachama waje "kupiga kula", wakaja na njaa. Tumewahi kumtambulisha mgombea wa nafasi ya mweka hazina kuwa "mgomvi" wa nafasi hiyo, na wanaomfahamu wakasema safari hii jarida limepatia. Tuliandika pia kwamba marathoni ni kilomita 42,195, tukatia mkato pale penye nukta. Kilomita 42.195 mtu anazimaliza asubuhi moja. Hizo nyingine zinaizunguka dunia pale kwenye Ikweta na chenji inabaki.

Lakini kicheko kina mwisho. Siku moja tuliwatangazia watu wakutane Coco Beach "saa 6 asubuhi". Mwandishi alisoma 6:00 kwenye simu, akatafsiri tarakimu na kuiacha saa. Wenyeji walielewa kuwa ni saa 12, maana hakuna saa 6 ya asubuhi. Mwanachama mpya, mtu mwaminifu, alijiambia lazima ni saa 6 mchana, akafika na viatu vyake vipya katikati ya jua la Januari, akakuta wauza mihogo. Hakurudi tena klabuni. Mara nyingine namba ya simu ya michango ya rambirambi iliingia 3 mahali pa 8, na mtu asiyemjua marehemu hata kwa sura akapokea pole zetu. Nyingine zilirudishwa, nyingine hazikurudi.

Na historia je? Hapo klabu za mbio tuna dhambi ya pekee, kwa sababu kila mmoja anadhani anaijua. Tulimwandika Filbert Bayi kuwa alipata dhahabu ya mita 1,500 kwenye Olimpiki ya Moscow. Mita 1,500 zilikuwa Christchurch, tarehe 2 Februari 1974, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, ambako aliweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. Moscow ilikuwa mwaka 1980, na alichopata ni fedha, katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Fedha nyingine ya Tanzania mwaka huo ilikuwa ya Suleiman Nyambui, mita 5,000. John Stephen Akhwari naye tulimpeleka Tokyo 1964, ilhali goti lake liliumia Mexico City mwaka 1968, alikomaliza marathoni wa 57 na wa mwisho. Sisi tulidhani tunamtukuza Bayi kwa kumvika dhahabu. Kumpa mtu sifa ambayo si yake ni kuipuuza ile aliyoitolea jasho.

Tulipobanwa, tulijitetea kwa neno moja ambalo kila klabu inalo: ni kosa la mchapaji. Maskini mchapaji! Yeye huchapa ulichompelekea. Mwaka 1631 Robert Barker na Martin Lucas, wachapaji wa mfalme wa Uingereza, walitoa Biblia iliyodondosha neno la kukanusha katika amri ya zinaa, ikawa inaamrisha ilichokuwa inakataza. Walipigwa faini ya pauni 300. Wale walistahili, maana prufu zilikuwa mikononi mwao. Mchapaji wako wa leo hana mkono katika jambo hilo. Na kwetu sisi hata neno zima si lazima lidondoke. Kati ya "usizini" na "uzini" kuna silabi moja tu, na kati ya "hatatozwa faini" na "atatozwa faini" kuna herufi moja, tena ile ambayo wengi wetu huimeza tunapozungumza. Kompyuta haitakupigia mstari mwekundu, kwa sababu maneno yote mawili ni sahihi. Kinachotakiwa hapo ni mtu.

Mtu huyo asiwe wewe. Uliyeandika, macho yako yanasoma ulichokusudia. Mtafute mwenzio asiyejua habari yenyewe, mpe kalamu nyekundu na karatasi, si simu, asome kwa sauti, nawe ufuatilie kwenye nakala yako. Majina, tarehe na namba yapitieni peke yake, mara ya pili, mkiwa mmekula. Tarehe iangalieni kwenye kalenda kama Jumapili hiyo kweli ni Jumapili. Jina la mtu muulize mwenyewe analiandikaje. Asipokasirishwa na swali leo, hatakasirishwa na jarida kesho. Na ukikosea, masahihisho yakae ukurasa ulipokosea, kwa herufi zilezile, yaseme kilichokuwa si kweli na kilicho kweli, basi. Usiongeze "tunaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza". Aliyefutwa ubini wake hakusumbuliwa.

Nanyi wenyeviti mnisikie. Huyo mhariri hamumlipi, anafanya kazi usiku baada ya ajira yake, kisha mnamletea ripoti ya mwaka saa tano usiku na kumtaka awe ameshachapa asubuhi. Makosa mengi niliyoyataja yalizaliwa usiku wa namna hiyo. Mimi nisingekubali tena. Toleo lichelewe wiki.

Kwa msomaji mwenye jicho kali nina ombi dogo. Ukiona kosa, usilipige picha na kulirusha kwenye kundi lenye watu mia mbili ukiweka na vikatuni vya kucheka machozi. Mpigie mhariri. Mwambie ukurasa, mstari na lililo sahihi. Niliwahi kupigiwa hivyo na mwalimu mmoja mstaafu baada ya kila toleo, muda wa miaka minne, na ndiye niliyemwomba hatimaye awe msomaji wetu wa prufu. Alikubali siku hiyohiyo. Alisema alikuwa akingoja kuombwa.

Masahihisho: katika safu hii mwezi uliopita niliandika kwamba Juma Ikangaa alishinda marathoni ya New York mwaka 1988. Alishinda mwaka 1989. Mwaka 1988 alikuwa wa pili Boston. Kosa ni langu.