Mezani pa Mfalme, Miguu Ikiwa Bado Imelemaa

Mafungu ya kusoma: 2 Samweli 4:4, 9:1-13, 16:1-4, 19:24-30, 1 Wafalme 19:3-9, Kutoka 17:8-13.

Mefiboshethi alikuwa na umri wa miaka mitano habari za kifo cha Sauli na Yonathani zilipofika nyumbani. Kwa siku moja alipoteza baba, babu, makao na nguvu za miguu yake. Aliyemwangusha hakuwa adui. Alikuwa mlezi wake mwenyewe, aliyekuwa akikimbia naye ili amwokoe.

Soma 2 Samweli 9:1-13. Daudi alimpa Mefiboshethi nini? Ni jambo gani halikubadilika?

Daudi alimwondolea hofu, akamrudishia mashamba ya Sauli, akamweka mezani pake kama mmoja wa wana wa mfalme. Hata hivyo, sura hiyo inamalizika kwa kutaja tena kwamba alikuwa amelemaa miguu yote miwili. Meza haikuondoa kilema. Wala Daudi hakufanya kupona kuwa sharti la kuketi.

Wilaya za Karagwe na Kyerwa, zilizokuwa wilaya moja hadi mwaka 2012, zinajua maana ya kumpokea mtoto wa mwingine. Ni katika Mkoa wa Kagera wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mwaka 1983, na miaka iliyofuata bibi wengi walianza kulea upya wakiwa na mvi. Mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walivuka mpaka, wakiwamo watoto waliopotezana na wazazi wao. Leo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatambua malezi ya kambo. Familia huomba kupitia kwa afisa ustawi wa jamii, nayo huchunguzwa kabla ya kukabidhiwa mtoto. Malezi hayo si sawa na kuasili. Mtoto hakatwi na ukoo wake, na huenda siku moja akarudi kwa jamaa zake.

Kuongeza sahani, basi, si jambo geni. Ugumu huanza baada ya sahani.

Chukua mfano wa mume na mke wenye kibanja cha migomba na kahawa karibu na Nkwenda. Wanampokea mtoto wa miaka minane aliyezoea kipigo na njaa. Juma la kwanza ni mtulivu, na kanisa zima linasifu. Juma la tatu anakojoa kitandani. Anaficha ndizi za kuchoma chini ya godoro mpaka zinaoza. Anasema uongo hata pasipo sababu, na akiguswa begani anashtuka. Siku moja anamwambia mama mlezi, "Wewe si mama yangu." Majirani wanatoa hukumu: mtoto huyu hana shukrani.

Je, mtoto anadaiwa shukrani na wale waliompokea?

Wanaojibu ndiyo wana sababu. Biblia inafundisha watoto kuwaheshimu wakubwa, na nyumba isiyo na utaratibu haimponyi mtu. Lakini deni huwa kwa yule aliyekopa. Mtoto huyu hakuomba kupoteza kwao, wala hakuchagua nyumba. Ndizi iliyofichwa si tusi kwa mwenyeji. Ni njaa ya zamani inayojiwekea akiba. Shukrani ni tunda la usalama, na hakuna mkulima anayeutikisa mche wa kahawa wa mwaka mmoja akidai buni. Methali husema tenda wema nenda zako. Mlezi ana kazi ngumu zaidi: anatenda wema na kubaki, mchana na usiku, bila kushukuriwa.

Hii haina maana kwamba kosa liachwe. Shuka lifuliwe, mtoto akisaidia, lakini bila kuwaita wengine watazame. Uongo usahihishwe bila fimbo, kwa kuwa aliyejifunza hofu kwa fimbo hawezi kufunzwa amani kwa fimbo hiyohiyo. Chakula kiwe na saa yake, na kila jioni aambiwe kesho kutakuwa na nini. Naye anaposema, "Wewe si mama yangu," jibu la kweli lipo: "Ndiyo, mama yako ni mama yako. Mimi nipo hapa, na uji uko tayari."

Soma 1 Wafalme 19:3-9. Ni mambo gani yalitangulia kabla Eliya hajaulizwa swali?

Eliya alikuwa ameomba afe. Kwanza aliachwa alale, akaguswa, akapewa mkate na maji. Akalala tena, akaguswa na kulishwa mara ya pili. Swali lilikuja baada ya siku arobaini za safari, huko Horebu. Mungu hakuwa na haraka ya kusikia maelezo. Mlezi naye hana haja ya kumhoji mtoto juu ya yaliyompata. Mtoto atasema siku atakapoweza, pengine wakiwa wanamenya ndizi pamoja.

Lipo onyo pia. Siba alipomshitaki Mefiboshethi, Daudi aliamini na kumpa Siba mali yote bila kumsikiliza mshitakiwa. Baadaye alipomsikiliza, alirudisha nusu tu. Hata mfalme mwema alikuwa mwepesi kumshuku yule asiye wa damu yake. Fedha ikipotea nyumbani, macho ya watu humgeukia mtoto gani?

Kazi hii humchosha hata mcha Mungu. Mikono ya Musa ililegea, na Haruni na Huri hawakumkemea kwa uchovu. Walimtafutia jiwe la kukalia, wakaishika mikono yake mpaka jua likachwa. Kanisa linalosifu Sabato ya kwanza linahitajika zaidi Jumanne ya mwezi wa tatu, kwa kuni, kwa unga, na kwa mtu wa kukaa na watoto ili mama mlezi alale.

Na mtoto akirudi kwa shangazi yake Kaisho akiwa bado anashtuka usiku, je, kazi imepotea? Mefiboshethi alibaki kilema. Lakini alikuwa amekula mezani, na alijua kiti kilikuwa chake.

Maswali ya Kujadili:

1. Ni masharti gani yasiyosemwa ambayo nyumba yako humwekea mtu kabla hajaketi mezani kwa amani?

2. Soma 2 Samweli 19:24-30. Daudi angefanya nini tofauti kabla ya kuamini maneno ya Siba?

3. Je, ni haki kumpenda kwa moyo wote mtoto ambaye huenda akaondoka? Ni hatari gani kubwa zaidi kwake: kupendwa na kuagana, au kulelewa na mtu anayejizuia kumpenda?