Ramadhani siku ya 14: Uji wa saa nne asubuhi



Leo nazungumza na wewe uliyeko nyumbani, uliyetolewa maji ya kifuani juzi kwa sindano, yakapelekwa maabara kupimwa. Ukijitazama, ni plasta moja tu ubavuni. Ndiyo maana unajiambia, "Mbona mimi mzima, kwa nini nisifunge?" Daktari kakwambia upumzike na unywe dawa mchana. Lakini uji ukiletwa saa nne unaufunika na kawa, unangoja wajukuu watoke nje ndiyo unywe. Dawa umezificha chini ya mto.

Ndugu yangu, unamficha nani? Aliyekufaradhishia swaumu ndiye huyo huyo aliyekupa ruhusa. Rudi Suratul Baqara, aya ya 184 na 185. Mgonjwa na msafiri wametajwa pale pale inapotajwa funga, wakaambiwa watimize hesabu siku nyingine. Basi kunywa uji wako ukiwa na nia ya kumtii Mola, si kwa aibu.

Na usidhani daftari lako limefungwa. Katika hadithi ya Abu Musa iliyomo kwa Bukhari, Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa mja akiugua huandikiwa mfano wa yale aliyokuwa akiyatenda alipokuwa na afya. Zile tarawehe ulizokuwa hukosi, Allah anazijua.

Andika siku ulizokula, uzilipe ukishapona. Fidia ni ya asiyetarajiwa kupona. Wewe usiikimbilie ukadhani umemaliza. Na pumzi ikibana, au kifua kikizidi kuuma, usingoje adhana ya magharibi. Rudi hospitali saa hiyo hiyo.

Nanyi wa nyumbani, mpelekeeni chakula kwa uso mkunjufu. Mtoto akiuliza, "Mbona babu anakula?" mwambieni: babu anamtii Mola wake kwa kula, kama mama anavyomtii kwa kufunga.

Najua pia kinachokukosesha usingizi si ubavu, ni yale majibu ya maabara. Hayo mkabidhi Mwenye kuyajua kabla ya daktari. Jioni keti mkekani na wenzio, hata kama hukufunga. Chukua tende yako, inua mikono, omba.

Allah awaponye wagonjwa wetu wote na awape subira wanaowauguza. Aamin.

Mtumie mwenye mgonjwa nyumbani.