Msako wa Nguruwe Mwitu na Haki ya Jirani



Katika vijiji vingi vya Lindi, Mtwara na Rufiji, mahindi na mihogo inapokaribia kukomaa, wanakijiji hukubaliana siku ya kwenda porini kuwasaka nguruwe mwitu. Vijana huja na mikuki na mapanga, wenye nyavu huzitandaza, na wenye mbwa huja na mbwa wao. Baadhi ya ndugu walioingia katika dini ya Islam karibuni huuliza: Je, yafaa Mwislamu ashiriki katika msako huo, hali nguruwe ni haramu na mbwa huhesabiwa kuwa najisi? Wengine wamekwisha kuambiwa na majirani zao kwamba wakae mbali kabisa, na wasiguse hata kamba ya mbwa.

Ama kuhusu nguruwe, Kurani Tukufu imeharamisha kula nyama yake. Haikuharamisha kumfukuza katika shamba, wala kumwua anapokuwa mharibifu. Na madhara yake hayaishii kwenye mihogo. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2005 ulieleza kwamba tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua watu wasiopungua 563 katika Tanzania, wengi wao katika sehemu za kusini na pwani. Moja katika sababu zilizotajwa ni hii: nguruwe huingia mashambani usiku, mkulima hulazimika kulala katika dungu ili alinde mazao yake, na simba humfuata nguruwe hadi pale alipolala mtu.

Basi anayesema, "Mimi ni Mwislamu, nguruwe hanihusu," na afikiri kwanza ni nani anayelala katika lile dungu. Huenda ni mjane asiye na mtoto wa kiume wa kumsaidia. Mtume Mtukufu s.a.w. ameeleza kwamba Jibrili alimwusia habari ya jirani mara kwa mara, hata akadhani kwamba jirani atafanywa kuwa mrithi. Wala hakusema jirani aliye Mwislamu tu. Kwa hiyo mimi sioni kizuizi katika kwenda, bali naona kwamba mwenye nguvu asiyekwenda anahitaji udhuru.

Na ama kuhusu mbwa, watu wamezidisha mno. Katika Sura Al-Maida, aya ya 5, Mwenyezi Mungu ameruhusu windo linalokamatwa na wanyama waliofundishwa kuwinda. (Msomaji mgeni aelewe kwamba sisi tunahesabu Bismillahi kuwa aya ya kwanza ya sura, hivyo katika misahafu mingine aya hii ni ya 4.) Mtume s.a.w. amewaruhusu watu kufuga mbwa wa kuwindia, mbwa wa kulinda mifugo na mbwa wa kulinda shamba. Akiramba chombo, chombo kioshwe mara saba. Hayo ni maagizo ya usafi, wala si ruhusa ya kumpiga mbwa mawe kila apitapo.

Inafaa tumkumbuke hapa Adiyy bin Hatim r.a. Yeye alikuwa Mkristo, mkuu wa kabila la Tayy, mtoto wa yule Hatim aliyesifiwa na Waarabu wote kwa ukarimu. Aliposilimu alimwuliza Mtume s.a.w. swali lile lile mnalouliza ninyi, kwamba wao ni watu wanaowinda kwa mbwa. Mtume s.a.w. hakumwambia aache desturi ya kwao. Alimfundisha kwamba akimwachilia mbwa wake aliyefundishwa na kutaja jina la Mwenyezi Mungu, na ale alichokamatiwa. Lakini mbwa akianza kula windo, asile, maana mbwa amejikamatia mwenyewe. Na akimkuta mbwa mwingine pamoja na wake, asile, kwa kuwa alitaja jina la Mwenyezi Mungu juu ya mbwa wake tu.

Hili la mwisho linawahusu sana watu wa msako wa kijiji, ambamo mbwa wa watu kumi hukimbia pamoja. Akikurupuka paa au sungura, na haijulikani ni mbwa wa nani aliyemwua, nyama hiyo iache. Akikutwa yu hai, mchinje kwa jina la Mwenyezi Mungu. Paa naye ana sheria zake za Serikali, kama nitakavyoeleza.

Lakini jambo kuwa halali hakumalizi maneno. Nimewaona watu wakitoka kulinda shamba la mmoja, na njiani wakakanyaga ufuta wa wengine watatu. Mbwa waliochangamka kwa damu hawatambui mpaka wa ua. Wakimkuta mwana-mbuzi au paka wa mtoto mlangoni, humrarua. Jioni wawindaji hucheka, na mwenye paka analia. Mwislamu aliyekuwemo katika kundi asijifiche nyuma ya wingi wa watu. Mbuzi aliyeuawa alipwe, na kama wenzako hawataki kulipa, toa fungu lako wewe na ukaombe radhi. Ama paka, usiseme hana bei. Mtume s.a.w. ametueleza habari ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie.

Kabla ya siku ya msako nyumba zote zipewe habari, mifugo ifungwe na watoto wakae ndani. Idhini ipatikane kwa serikali ya kijiji na kwa afisa wanyamapori, kwani Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 imeweka mipaka katika uwindaji na zana zake, na utii kwa Serikali ni sehemu ya mafundisho yetu. Mitego ya waya sipendi hata kuitaja. Wategaji huisahau, na baada ya mwezi mbuzi wa jirani hukutwa amekatika mguu. Sumu ni mbaya zaidi, maana anayekula mzoga huo ni mbwa wa mtu, kisha tai.

Tena ni nani anayemkumbuka mbwa mwenyewe? Nguruwe dume akibanwa humpasua mbwa tumbo kwa meno yake, na mara nyingi mbwa huyo huachwa kichakani akilia mpaka usiku. Wanahistoria wameandika kwamba Mtume s.a.w. alipokuwa akiliongoza jeshi kwenda Makka mwaka 630, aliona mbwa jike ananyonyesha watoto wake, akamweka mtu asimame hapo ili jeshi lisimsumbue. Jeshi zima! Nasi hatuwezi kurudi hatua mia kumbeba mbwa aliyetupigania? Mbwa wa msako wapelekwe kuchanjwa kichaa cha mbwa, na mtu akiumwa, jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo.

Wako pia wanaokwenda kwa ajili ya raha tu. Hao wajue kwamba Hadithi imeonya kuwa mwenye kufuatia mawindo hughafilika, na kweli utaona Adhuhuri na Alasiri zinapita watu wakiwa mbioni. Hadhrat Mirza Bashiruddin Mahmud Ahmad r.a. amesimulia kwamba alipokuwa mtoto aliwinda kasuku akamleta nyumbani. Baba yake, Masihi Aliyeahidiwa a.s., akamweleza kwamba nyama ile si haramu, lakini Mwenyezi Mungu hakuumba kila mnyama ili aliwe. Wengine wameumbwa wazuri ili macho yaburudike kwa kuwatazama.

Limebaki swali la nyama ya nguruwe. Jirani zako Wakristo wakiitaka, waache waichukue. Hilo ni la dini yao, wala usiwakebehi. Wewe usile, na wala usiuze fungu lako. Wakikuletea fedha badala ya fungu hilo, warudishie kwa maneno mazuri, na kama una muhogo shambani, wape wakapikie.